Vifaa vimepanda, mthamini kaniongezea milioni 4 tu: niuze Mtwara ninunue Lindi, au nipangishe nijenge?

MkaziWaMangamba
Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Nimehamishiwa kazi Lindi mjini, familia inanifuata Januari shule zikifunguliwa. Nina nyumba Mangamba, hapa Mtwara, vyumba vitatu, tofali za saruji, niliijenga kwa kudunduliza kuanzia 2014 hadi 2017. Njia ninazoziona ni mbili. Ya kwanza, niiuze ninunue nyumba iliyokwisha kule Lindi. Ya pili, niipangishe, niweke hati benki nipate milioni 25, nianze kujenga Mitwero, kule Lindi, ambako nina kiwanja.

Juzi nimeletewa ripoti ya uthamini. Kwa gharama za ujenzi ukitoa uchakavu, pamoja na kiwanja, ni milioni 62. Thamani ya soko milioni 50. Mauzo ya lazima milioni 35. Ripoti ya 2019 ilisema soko ni milioni 46. Sasa jamani, nondo, bati na mbao mnajua zilivyopanda tangu wakati ule. Nyumba yangu imepandaje milioni 4 tu? Nahisi jasho langu halijahesabiwa.

FundiPaulia
Pole kaka. Kwanza usivichanganye "vifaa" vyote pamoja. Saruji sisi Mtwara tunayo, inatengenezwa hapa Msijute, kwa hiyo msingi na ukuta havituumizi kama watu wa mbali. Kinachotumaliza ni vinavyotoka Dar: bati, nondo, vigae, vioo. Ni zaidi ya kilometa 500 barabarani, na dizeli ikipanda, bati limepanda. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kule Somanga, nilikuwa na nyumba imeshafungwa mbao inasubiri bati. Mbao zililowa wiki nzima mbele ya macho yangu.

Ukijenga Mitwero, mchanganuo wa gharama usikae nao miezi sita mfukoni. Utakuta umeshakuwa karatasi tu.

MthaminiKusini
Ndugu, nafanya kazi hii na ninaelewa uchungu wako, kwa hiyo nitakueleza kwa utaratibu.

Milioni 62 imetokana na hesabu ya kujenga upya. Tuseme jengo lako lina mita za mraba 110 na leo kila mita inajengwa kwa 600,000. Hapo ni milioni 66. Toa uchakavu asilimia 20, inabaki 52.8. Ongeza kiwanja 9.2, unapata 62. Katika hesabu hii bei ya nondo inaingia moja kwa moja. Nondo ikipanda, namba inapanda.

Milioni 50 inatoka kwingine kabisa. Hapo mthamini ametafuta nyumba zinazofanana na yako zilizouzwa karibuni Mangamba na jirani zake, akalinganisha. Mnunuzi hajali wewe ulinunua bati shilingi ngapi. Anajali ana pesa kiasi gani na jirani anauza ngapi. Kwa kawaida vifaa vikipanda, nyumba iliyokwisha hupata wateja zaidi, kwa sababu mtu anaona kujenga ni mzigo. Lakini kwetu kusini wengi bado wanajenga polepole, tofali hamsini leo, lori la mchanga mwezi ujao. Mwenye milioni 50 mkononi kwa mkupuo ni mmoja mmoja. Ndiyo maana soko linapanda kwa kujivuta huku gharama zikikimbia.

Milioni 35 ni kwa ajili ya benki: ikilazimika kuuza haraka, itapata nini. Mkopo wako utapimwa kwa hiyo, wala si kwa 62.

Halafu niulize: mthamini wako alikagua lenta, ile boriti ya zege juu ya madirisha na milango? Majuzi nilikuwa kwenye nyumba karibu na Ufukoni, rangi mpya inang'aa. Juu ya dirisha la sebule kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Nikaukwaruza kwa msumari, lipu ikamwagika kama unga, ndani nondo nyekundu kwa kutu, imevimba. Walichota mchanga wa pwani wenye chumvi. Kwa nyumba kama hiyo uchakavu si asilimia 20 tena, hata iwe changa.

Mwisho, hakikisha aliyesaini ripoti amesajiliwa. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inataka hivyo.

MamaKorosho
Mwanangu, mimi niongeze mambo mawili. Ukiuza, subiri minada ya korosho ianze mwezi wa kumi. Niliwahi kutangaza nyumba mwezi wa tano, nikaambulia watu wa kuja kuangalia tu na kunywa maji. Novemba ileile nyumba ikapata mtu.

La pili ni bima. Jiko langu liliungua, moto ukashika na chumba cha pembeni. Nilikuwa nimekata bima kwa thamani ya zamani, sikuwahi kuipandisha. Kampuni ikanilipa kwa uwiano, yaani sehemu tu ya hasara. Niliumia sana, maana kila mwaka nililipa bila kukosa.

MthaminiKusini
Mama amegusa penyewe. Bima haifuati thamani ya soko, inafuata gharama ya kujenga upya bila kiwanja. Kwa mfano wangu ni milioni 66. Ukibaki na bima ya 44 ya miaka ya nyuma, hiyo ni theluthi mbili tu ya 66, kwa hiyo moto ukikuharibia mali ya milioni 15, utalipwa kama milioni 10. Hapa ndipo kupanda kwa vifaa kunapomwumiza mtu aliyelala.

HesabuZaLindi
Kaka, Mangamba utapangisha kwa ngapi? Tuseme 250,000 kwa mwezi, ni milioni 3 kwa mwaka bila ukarabati na bila miezi ya kukaa tupu. Riba za benki zinazunguka asilimia 15. Milioni 25 inakula riba ya karibu 3.75 mwaka wa kwanza. Kodi yote haitoshi hata riba, na bado hujamaliza nyumba. Mitwero utaishia kwenye lenta.

Ila angalia upande wa pili. Hilo pengo la 62 na 50 linalokuchoma ukiwa muuzaji, Lindi litakuwa lako ukiwa mnunuzi. Nyumba nyingi hapa zinauzwa chini ya gharama ya kuzijenga leo. Sasa ujenge ya nini? Kiwanja kaa nacho. Cha kukwepa ni mtu anayekupandishia bei kwa sababu ya mradi wa gesi wa Likong'o. Hiyo ni ahadi, hulipii ahadi.

MkaziWaMangamba
Asanteni sana, kweli nimefunguka. Sikuwa nimeliona la kununua kwa upande ule. Kuna nyumba Mtanda wanataka milioni 55, vyumba vitatu na uzio. Nitaitangaza ya Mangamba Oktoba kama mama alivyosema, na bima naipandisha wiki hii. Jumamosi nakwenda Mtanda na msumari wangu.

FundiPaulia
Anza na madirisha yanayotazama bahari. Na upande darini ukaone misumari ya bati.