Kudhibiti kimo cha kisanduku kwa klasi za max-h: kitufe kinazama chini ya skrini ya simu

Fundi wa Rau (Moshi)

Habari zenu ndugu. Ninatengeneza tovuti ya kampuni ya utalii hapa Moshi kwa kutumia Tailwind (mkusanyiko wa klasi za CSS zilizo tayari), na ukurasa unaonisumbua ni ule wa safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Mgeni akibonyeza jina la njia, hufunguka kisanduku chenye kichwa, maelezo ya kila siku kuanzia lango la Machame kupitia Shira, Lava Tower, Barranco, Karanga na Barafu hadi kileleni na kuteremkia Mweka, kisha chini kabisa kitufe cha kuweka nafasi. Kwenye kompyuta kubwa kila kitu kinaonekana, lakini kwenye simu maelezo ni marefu kuliko skrini, kitufe kinazama chini na mgeni hana namna ya kukifikia.

Nikiipa sehemu ya maelezo klasi ya `max-h-full`, hakuna kinachobadilika. Nikiweka `max-h-96`, sehemu hiyo inafupika kweli, ila maandishi yanamwagika nje yake na kupandana na kitufe. Naomba mnieleze kwa nini klasi hizi mbili zinatenda hivyo, na kisanduku cha namna hii kiandikwe vipi. Muundo wa sasa ni huu:

```
<div class="fixed inset-x-4 top-4 bg-white">
  <h2>Njia ya Machame</h2>
  <div class="max-h-full">...</div>
  <button>Weka nafasi</button>
</div>
```

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Ndugu yangu wa Rau, klasi zote mbili zinafanya kazi yake sawasawa.

`max-h-full` maana yake ni asilimia 100 ya kimo cha elementi iliyoibeba. Kisanduku chako cha nje hakijapewa kimo chochote, kwa hiyo kimo chake kinategemea maandishi yaliyomo, na kivinjari hakiwezi kutafuta asilimia ya kitu ambacho chenyewe kinasubiri kupimwa. Katika hali hiyo kanuni za CSS zinaagiza asilimia hiyo ichukuliwe kana kwamba hakuna ukomo uliowekwa. Angalia pia kwamba kukipa kisanduku cha nje `max-h` peke yake hakutaifanya asilimia ya ndani ianze kufanya kazi, kwa sababu ukomo si kimo. Wengi hukwama hapo.

`max-h-96` ni 24rem (rem moja ni ukubwa wa herufi za msingi za ukurasa), kwa kuwa kila namba huzidishwa kwa 0.25rem, na kwa kawaida hiyo ni pikseli 384. Ukomo huo unakata kimo cha elementi tu na hausemi lolote kuhusu maandishi yanayozidi, nayo kwa kawaida huachwa yaonekane nje. Ndiyo maana `max-h` inahitaji `overflow-y-auto` kila mara maelezo yanapoweza kurefuka.

Ningeuhamishia ukomo kwenye kisanduku cha nje, nikaruhusu kusogeza kwenye maelezo peke yake, ili kichwa na kitufe vibaki mahali pake:

```
<div class="fixed inset-x-4 top-4 bg-white flex flex-col max-h-[calc(100dvh_-_2rem)]">
  <h2 class="shrink-0">Njia ya Machame</h2>
  <div class="overflow-y-auto">...</div>
  <button class="shrink-0">Weka nafasi</button>
</div>
```

Hapo `100dvh` ni kimo cha sehemu ya skrini inayoonekana, na zile 2rem ni nafasi ya juu unayoiacha kwa `top-4`, pamoja na nyingine kama hiyo chini. CSS inadai nafasi pande zote mbili za alama ya kutoa, na ndani ya jina la klasi nafasi huandikwa kwa mstari wa chini.

Dada wa Sakina (Arusha)

Nakubaliana na muundo wa kaka wa Njiro, ila kwenye kipimo ningechagua `svh`. Usitumie `max-h-screen` hapa, kwa sababu ni 100vh, na vivinjari vya simu huhesabu vh kana kwamba mwambaa wa anwani umejificha. Ukionekana, sehemu ya chini inafunikwa, nako ndiko kitufe kiliko. `dvh` hufuata mwambaa unavyojitokeza na kujificha, hivyo kisanduku hubadilika kimo huku mgeni akisoma, jambo ambalo mimi silipendi. `svh` hupima skrini mwambaa ukiwa wazi, na haiyumbi.

Klasi kama `max-h-svh` zilikuja na toleo la 3.4 la Tailwind, Desemba 2023, lakini Chrome ilianza kukielewa kipimo chenyewe katika toleo la 108. Waongozaji na wapagazi nao hufungua ratiba hiyo, baadhi yao kwa simu zisizopata tena masasisho, kwa hiyo ni haki yao kufikiriwa: andika kwenye faili la CSS mstari wa `100vh - 2rem` kwanza, kisha ule wa `100svh - 2rem` chini yake. Kivinjari cha zamani kitauruka mstari kisiouelewa.

Fundi wa Rau (Moshi)

Nashukuru sana, kitufe sasa kinaonekana. Limebaki moja: kwenye kompyuta nataka kisanduku kisizidi 40rem, na mwenye kampuni anataka kuibadilisha namba hiyo mwenyewe kwenye mipangilio. Nikiunganisha `md:max-h-` na namba yake ndani ya JavaScript, klasi inaonekana kwenye ukurasa lakini haina athari.

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Tailwind husoma mafaili yako kama maandishi matupu, haiendeshi programu, kwa hiyo jina linalounganishwa baadaye hailioni na hailiandikii CSS. Weka namba kwenye kigezo kwa `style="--kimo: 40rem"`, kisha uandike klasi kamili isiyobadilika.

Ila achana na `md:`. Hiyo hupima upana kuanzia 48rem, na simu nyingi zikilazwa huvuka upana huo huku kimo cha skrini kikiwa hakifiki hata pikseli 450; ukomo wa 40rem ungekizamisha kitufe upya. Chukua kilicho kidogo kati ya viwili:

`max-h-[min(var(--kimo),100svh_-_2rem)]`

Hakikisha pia hakuna `min-h` kubwa kwenye kisanduku hicho hicho, maana `min-h` na `max-h` zikigongana, inayoshinda ni `min-h`.