Uliyeiharibu ndege yangu ya plastiki, Sea Vixen, kwa klia (vanishi) ya gari, njoo hapa ujieleze

Wakuu, habari za mchana. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi za lawama. Wanaonifahamu humu wanajua huwa nachangia mambo ya puti na msasa kisha naenda zangu. Ila hili limenikaa kooni. Nimelisema kwenye grupu letu la WhatsApp nikaambiwa yaishe. Nimemfuata mhusika gereji kwake, akacheka mbele ya vijana wake. Sasa nalileta hapa, na najua anasoma, kwa sababu kila nikiandika kitu humu kesho yake ananitania nacho.

Kwa wasiotujua: tuko watu wachache hapa Dar tunaounda ndege za kivita za plastiki. Unanunua boksi, unakata vipande kwenye fremu, unabandika kwa gundi, unapiga msasa, rangi, dekali (zile stika za alama na maandishi), mpaka chombo kinakaa kabatini kama kilivyokuwa kazini. Msituletee zile za "mzee mzima na midoli", tumeshazisikia zote. Mwaka huu tulikubaliana kila mtu aunde chombo kilichoshiriki kwenye maasi ya Januari 1964, pale askari wa Tanganyika Rifles walipoasi kambini Colito (vijana mnapaita Lugalo), na Mwalimu akalazimika kuomba msaada wa Waingereza. Meli ya kubeba ndege HMS Centaur ikatoka Aden na makomando wa 45 Commando, na asubuhi ya tarehe 25 wakashushwa Colito kwa helikopta huku manowari Cambrian ikipiga mizinga kuwatisha walioasi. Mmoja wetu kachukua helikopta ya Wessex. Mwingine anapigana na Belvedere, ile helikopta ya mapangaboi mawili. Mimi nikachukua Sea Vixen, ndege ya kivita ya jeti, maana Centaur ilikuja nazo, za kikosi cha 892.

Sasa ili mjue kilichoharibiwa ni nini, vumilieni kidogo nieleze kazi yenyewe.

Boksi la Airfix la skeli ya 1/48 ni la Sea Vixen toleo la FAW.2. Mwaka 1964 Centaur haikuwa na FAW.2, ilikuwa na FAW.1, toleo la kabla yake. Mtu wa kawaida haoni tofauti, lakini ipo, na ni kubwa. Kwenye FAW.2 ile mihimili miwili ya mkia imerefushwa mbele, inapita juu ya bawa na kuchomoza kwenye ukingo wake wa mbele, ndani yake wakaongeza mafuta. FAW.1 haina kitu hicho, mihimili yake inaanzia nyuma. Kwa hiyo inabidi ukate kwa msumeno plastiki ambayo mtengenezaji kaiweka vizuri kabisa, uzibe tundu lililobaki, uchonge umbo la bawa upya kwa puti, upige msasa wa maji, uchore upya mistari ya paneli iliyofutika. Ukikosea milimita moja upande mmoja, ndege nzima inaonekana imepata kiharusi. Makombora nayo, Red Top ni ya FAW.2, nikayaweka kando nikatafuta Firestreak. Puani nikajaza chubwi za mshipi nilizonunua Feri kwa wavuvi, ili isikalie mkia.

Na hii ndege ina vituko vyake, ndiyo maana naipenda. Kioo cha rubani hakiko katikati, kimesogezwa kushoto. Mwenzake anayeangalia rada anakaa kulia, chini, ndani ya bodi, juu yake mfuniko tu. Wenyewe walipaita shimo la makaa. Ukiwa unaiunda unatumia jioni nyingi kupaka rangi kiti ambacho hakuna mtu atakiona tena ukishafunga mfuniko. Mimi nilikipaka. Hata mikanda niliiweka.

Rangi: juu kijivu kizito cha bahari, chini nyeupe, zote zinang'aa, ndivyo ndege za jeshi la majini la Uingereza zilivyopakwa wakati ule. Nilitumia enameli (rangi za mafuta) za Humbrol. Anayefanya hobi hii hapa kwetu anajua enameli inavyopatikana. Ni kitu kinachoshika moto, posta ya ndege hawaipokei, kwa hiyo unasubiri mtu mwenye mzigo wa meli, unaomba, unabembeleza, kikopo kinafika kimebonyea. Nyeupe ndiyo ngumu kuliko zote. Inataka tabaka nyembamba nyingi, na enameli haikauki kwa kunyauka tu kama rangi ya maji. Mafuta yake yanashika hewa na kuwa magumu taratibu, kwa hiyo ukiigusa na kuona haikushiki kidole usidhani imekomaa ndani.

Nikabandika dekali. Duara za rangi tatu, ROYAL NAVY kwenye mihimili, herufi C ya Centaur mkiani, na yale maandishi ya tahadhari madogo madogo ambayo unayashika kwa kibanio huku umebana pumzi. Zikalala vizuri, hakuna kipovu hata kimoja. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: vanishi ya kung'aa juu ya yote, kuzifungia dekali.

Mimi sina kompresa. Kwenye kikundi mwenye kompresa ni mmoja, ana gereji ya kunyoosha bodi na kupiga rangi magari. Utaratibu wetu tangu mwanzo ni kwamba asiye na kompresa anapeleka kazi yake pale, anachangia umeme, anapuliziwa. Nikapeleka. Nikampa chupa yangu ya vanishi, Tamiya X-22, ya mililita 23, mpya, haijafunguliwa. Nikamwandikia kwenye karatasi: hii tu, tabaka nyembamba, subiri mvua ikatike, usitoe tepu ya kwenye kioo. Karatasi nikaibandika juu ya boksi. Akaisoma mbele yangu. Akasema, "Mkuu, unanifundisha kazi?"

Jioni akatuma picha kwenye grupu. Ndege inang'aa kweli. Maelezo chini ya picha: "Kazi ya mkono wangu, mnaotaka foleni ianze." Wenzangu wakamwaga makofi. Hakuna aliyeuliza nani kakata mihimili. Hilo ningelimeza.

Kesho yake nikaenda kuichukua. Wakuu, juu ya mabawa rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Upande wa chini ile nyeupe imepasuka mistari mistari, na katikati ya nyufa unaona plastiki yenyewe imelainika. Dekali ya duara ya bawa la kushoto imejikusanya. ROYAL NAVY ya upande mmoja inasomeka nusu. Juu ya kila kitu ukungu mweupe, kana kwamba nimeihifadhi kwenye friza.

Chupa yangu ya X-22 iko pale mezani. Haijafunguliwa.

Alichopuliza ni klia ya gari, kaizimua kwa thina ya selulosi. Masika, mvua imenyesha tangu alfajiri, gereji yenyewe haina mlango. Niwaeleze kinachotokea, kwa sababu mpaka leo kuna watu kwenye grupu wanasema "labda rangi yako ilikuwa mbovu". Thina ya selulosi ni kali. Ukitanguliza rangi za selulosi na kuziacha zikauke, unaweza kupaka enameli juu yake bila tatizo. Ukigeuza, enameli chini na selulosi juu, ile thina inapenya, inaifanya enameli ivimbe na kujikunja, ikimaliza hapo inaenda kula polistairini, yaani plastiki yenyewe ya ndege. Na huo ukungu nao una sababu yake. Thina inaruka haraka, ikiruka inapoza uso wa kazi, na hewa ya Dar wakati wa masika imejaa maji, basi unyevu unatua kwenye vanishi kabla haijakauka na kunaswa humo. Mpiga rangi magari yeyote anajua hili! Ndiyo maana siku ya mvua wanatafuta thina inayokauka polepole, au wanamwambia mteja arudi kesho. Gari la mteja angelifanyia hivyo? Asingethubutu.

Bado sijamaliza. Mlango mmoja wa magurudumu ulivunjika mikononi mwake. Badala ya kunipigia simu, akaubandika kwa supaglu, akairudisha ndege kwenye boksi na kufunga kifuniko. Mvuke wa supaglu ukikosa pa kutokea unatua kwenye vioo. Tepu nayo alikuwa ameshaitoa, "ili ionekane vizuri kwenye picha". Kwa hiyo kioo cha rubani, kile cha pembeni nilichokisifia hapo juu, sasa ni cheupe kama kioo cha bafuni.

Halafu majibu yake. Kwanza: "Klia ya gari ni imara kuliko hiyo chupa yako ya watoto, inakaa juani miaka." Ndiyo, juu ya bati. Bati haliyeyuki kwa thina. Hii ni plastiki, unene wake milimita moja au mbili, na rangi ya chini ni ya aina nyingine kabisa. Pili: "Chupa yako ilikuwa ndogo, isingetosha." Ndege ni sentimita 35 kutoka pua hadi mkia. Na kama unaona haitoshi, si unapiga simu? Tatu, na hili ndilo lililonifikisha hapa: "Si mdoli tu, nitakununulia mwingine."

Utaninunulia mwingine. Sawa. Na wa kukata mihimili utamnunua duka gani?

Kuna kejeli moja inanichoma. Mtangulizi wa hii ndege, DH.110, alivunjika angani kwenye maonyesho ya Farnborough mwaka 1952, watu 31 wakafariki, wakiwemo rubani na mwenzake. Wahandisi wakarudi mezani, wakaimarisha bodi, ikaja kuingia kazini na kutua kwenye meli usiku katikati ya bahari. Sea Vixen ikayapita yote hayo. Ya kwangu imekuja kufia kwenye gereji ya mtu aliyekataa kufungua chupa.

Sasa niwageukie wazee wa kikundi. Mnaniambia "tusivunje undugu". Undugu gani, wa upande mmoja? Huyu bwana si mara ya kwanza. Mwenye Wessex anajua vioo vyake vilivyopakwa rangi kwa sababu "tepu ilichelewesha". Amenyamaza kwa sababu akigombana naye hana pa kupulizia. Na nyie wote mmenyamaza kwa sababu hiyo hiyo, tusidanganyane. Mtu akiwa na kompresa kwenye kikundi chetu hakosolewi, hata akipuliza lami. Nimeona mnavyombana kijana mgeni kwa sababu kijivu chake kimezidi wepesi kidogo, mnamletea picha za kumbukumbu mpaka analala na mawazo, lakini mwenye kompresa akiyeyusha bawa zima mnasema bahati mbaya.

Na waliokuja inboksi kuniambia kosa ni langu kumpa kazi: nilimpa kazi, dawa na maelekezo ya maandishi. Nilichotakiwa kuongeza ni nini, kumshika mkono?

Ninachotaka kiko wazi. Boksi jipya la Sea Vixen pamoja na gharama za kulisafirisha na ushuru wake, dekali mpya, na chupa yangu irudi, maana juzi nimesikia anaitumia kwa kazi ya mtu mwingine. Saa hizi ndiyo imefunguka! Ile picha ya "kazi ya mkono wangu" aifute, au aweke na ya kesho yake pembeni. Na kwenye kikundi tuandike utaratibu: hakuna kupuliza kitu juu ya kazi ya mwenzako kabla ya kukijaribu kwenye kijiko cha plastiki kilichopakwa rangi ile ile. Kijiko tu, jamani. Vinauzwa kila kona.

Kuokoa kilichobaki nimeanza na bawa moja, nimelilaza kwenye mafuta ya breki usiku kucha. Enameli imetoka, ila klia imeng'ang'ania, na pale plastiki ilipolainika mistari ya paneli imepotea. Mwenye uzoefu wa kuitoa klia ya gari bila kula polistairini anisaidie, tafadhali ajibu hapa hapa ili na wengine wasome.

Jambo lingine, natafuta kompresa ya friji bovu, iwe nzima inayosukuma hewa, ile isiyo na kelele. Tangi nitaunga mwenyewe kwa mtungi wa zamani wa kuzimia moto, kipima hewa ninacho. Niko Dar, nafuata popote. Mwenye nayo aje inboksi na bei, na asiwe yule bwana.