DT 125 ya bure, nianzie wapi na pesa sina?

MtuWaWete: Asalaam aleikum wakuu. Ami kanipa pikipiki Yamaha DT 125, ile ya tustroku, injini inayochoma oili pamoja na petroli, imekaa banda la mbuzi miaka, kutu mtupu kwa hii hewa ya bahari. Kiki inakwenda lakini haiwaki. Fundi mmoja kataka ninunue pistoni na kabureta mpya, na mie mfuko umetoboka.

Chumvi_Mkoani: Waaleikum salaam. Usinunue kitu kwanza. Mwaga petroli yote ya zamani, fungua kabureta, ile jeti ndogo, kitundu cha kupitishia petroli, ndo huziba kwa utando wa petroli iliyolala, izibue kwa uzi mmoja wa waya laini kisha puliza, usitie msumari utaipanua tundu. Halafu plagi, isugue uone kama inapiga cheche.

BabuGia: Hapo sawa ila Chumvi hajasema sili za krenki, zile raba za kuziba hewa kwenye mhimili unaozungushwa na pistoni, na tustroku inakufa hapo. Zikikauka hewa huingia pembeni, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, injini inapata moto kupita kiasi, pistoni inakamata ndani ya silinda. Sili ni bei ndogo, weka mpya zote mbili. Pistoni usinunue mpaka silinda ipimwe, pengine ringi za pistoni tu zatosha.

MtuWaWete: Na pampu ya oili, ile inayoingiza oili yenyewe kwenye injini?

BabuGia: Usiiamini mwanangu. Kwa sasa changanya mwenyewe ndani ya tangi, lita moja ya petroli kwa mililita 30 hivi za oili ya tustroku. Moshi utakuwa mwingi, majirani watavumilia.