Taa za stesheni ya kuchezea kwa rangi ya mkaa wa betri: ya tatu inafifia

Babu wa Iyunga:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Iyunga, Mbeya. Mjukuu wangu ananiita fundi, nami taa tatu tu zimenishinda.

Mwezi uliopita nilikuta reli ya kuchezea kwenye lundo la mtumba pale Mwanjelwa: kichwa kimoja cha treni, mabehewa mawili na vipande vya reli vya kutosha duara moja. Tumeibandika kwenye ubao, na sasa tunajenga stesheni ya TAZARA ya hapa kwetu kwa maboksi. Nguzo za taa ni vijiti vya mishikaki. Waya ukipanda kwenye kijiti unaonekana kama mmea unaotambaa, unaharibu sura yote. Ndipo nikasikia kuna rangi inayopitisha umeme.

Ya dukani inaagizwa nje, sikutaka kusubiri. Nikapasua betri kubwa tatu za tochi zilizokwisha, nikatwanga kila cheusi kilichokuwamo, nikachanganya na gundi ya mbao. Wa rika langu mtakumbuka, ubao wa darasani tuliutia weusi kwa betri hizohizo. Nikachora mistari miwili, upana milimita 5, urefu sentimita 30, adapta ya volti 12 upande mmoja. Taa ya LED ya kwanza inawaka vizuri, ya pili inajikongoja, ya tatu kama kipisi cha sigara gizani. Mita inasoma ukinzani wa kilo-omu 18, yaani omu 18,000, kwa kila mstari.

Nikiongeza rangi itasaidia? Na je, rangi hii inaweza kupeleka umeme kwenye reli upande wa pili wa duara, ambako kichwa kinachoka?

Koili_Mwanjelwa:

Shikamoo mwalimu. Mimi nasuka mota, jirani yako kabisa.

Kosa la kwanza ni ule unga. Cheusi kinachojaza betri sehemu kubwa ni manganizi, ubaoni kilifaa kwa weusi wake tu. Unachokitaka ni ile fimbo ya katikati, hiyo ni grafiti. Ioshe, isage laini kabisa, jifunge kitambaa puani, na mtoto asiguse yale matakataka mengine.

La pili, rangi ya kaboni usiihesabu kama waya. Hata ya kununua, ile ya Bare Conductive ya London, ina omu 55 kwa kila mraba kwa unene wa mikroni 50. Mraba ni kipande cha mstari ambacho urefu wake ni sawa na upana; uwe mdogo au mkubwa, omu ni zilezile mradi unene usibadilike. Mstari wako wa sentimita 30 kwa milimita 5 ni miraba 60. Gawa 18,000 kwa 60, unapata 300 kwa mraba. Kwa kitu cha kinu si haba.

Kwa hiyo pitisha waya wa shaba chini ya ubao, rangi ibaki kwenye nguzo tu. Nguzo ya sentimita 6, mstari wa milimita 3 kila upande, ni miraba 20 kwenda na 20 kurudi, omu 12,000. Piga mkono wa pili, zinabaki kama 6,000. LED nyeupe inachukua volti 3 hivi, tisa zinabaki kwenye rangi: miliampia 1.5. Kwa taa ya stesheni inatosha, na rizista, kile kidude cha kupunguza umeme, hununui, maana nguzo yenyewe ndiyo rizista!

Kichwa sahau. Mota inataka miliampia 200 na zaidi. Chomelea waya kwenye reli kule kinakochoka. Waya wa koili njoo uchukue, mabaki tunayo tele.

Mgeni wa Makambako:

Naingilia jambo lisiloulizwa, mnisamehe. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1067. Hizo za kuchezea kama ni 16.5, basi ukifuata reli stesheni ijengwe kwa kipimo cha 1 kwa 65, yaani kila kitu kidogo mara 65 kuliko halisi. Lakini mabehewa ya mtumba karibu yote ni 1 kwa 87, ya reli za Ulaya za 1435. Mtu wa sentimita 170 ni 2.6 kwa kipimo cha kwanza na hazifiki 2 kwa cha pili. Chagueni mapema, msije mkawa na abiria mrefu kuliko mlango.

Spea za Soweto:

Ipo pia rangi yenye madini ya fedha, ya kuziba mistari ya kupasha joto iliyokatika kwenye kioo cha nyuma cha gari. Hiyo inapitisha kweli, ila kichupa kidogo bei kubwa. Ukiitumia weka rizista, la sivyo LED inakufa palepale.

Babu wa Iyunga:

Marahaba, wanangu. Nimesaga fimbo peke yake. Usiku wa kwanza mita ilisoma juu sana nikakata tamaa. Kumbe ni baridi ya huku, rangi ilikuwa bado mbichi. Siku ya tatu imeshuka, na taa zote zinalingana.

Mawili yalinisumbua. Risasi ya kuchomelea haishiki kwenye rangi, kwa hiyo nilizungushia waya kwenye mguu wa nguzo, nikapaka juu yake. Na ule waya wa koili, mwanangu, hukuniambia una vanishi inayozuia umeme! Saa nzima naulaumu mkaa.

Wa Makambako, mjukuu amechagua 1 kwa 87, kwa sababu hataki kubomoa mabehewa yake. Bahati mbaya nguzo mbili amezipinda na rangi imepasuka. Koili, ndaga fijo, asante sana, kesho nakuja tena. Sasa mjukuu anataka na stesheni ya Uyole iwe na taa.