Wageni wanataka kuruka kwa parashuti kutoka mlimani: Taita au Iten?

Mama Kizingo:
Jamani, marafiki wa mume wangu wanakuja Januari kutoka Ujerumani. Bahari wameshaogelea mpaka basi. Sasa wanataka kuruka, na mimi nimeapa nitaruka nao. Taita si karibu zaidi na kwetu Mombasa?

Babu wa Likoni:
Iten, mwanangu. Ukingo wa Elgeyo, penye mji huo, umepita mita 2,300 juu ya bahari, na Bonde la Kerio liko chini yake zaidi ya mita 1,000. Jua likipasha bonde, hewa moto hupanda na kulibeba parashuti. Warukaji wa ng'ambo hufuata hilo Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma huku kwetu. Taita naipenda mno, lakini mgeni wa kuruka namtakia mahali penye marubani waliouzoea upepo wake. Pandeni treni, mlale Nairobi, kisha Eldoret. Iten haifiki kilomita 40 kutoka hapo.

Mama Kizingo:
Shikamoo babu. Na mimi sijawahi kuruka?

Babu wa Likoni:
Marahaba. Utafungwa mbele ya rubani. Akisema kimbia, kimbia mpaka miguu ikose ardhi. Usikae mapema, hapo ndipo wengi hukosea. Vaa viatu vinavyoshika kifundo, na koti, kule kuna baridi wallahi. Saa saba mchana hewa hutikisa sana, omba asubuhi. Rubani akikataa kuruka, msimbembeleze kabisa.

Wa Nyali:
Wekeni siku mbili za akiba hukohuko Iten, dada.