Naomba ushauri: dawa ya Parkinson inamwishia baba mapema

Habari zenu wanajamvi. Baba yangu, miaka 67, ana Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ugumu wa kutembea), huu mwaka wa 6. Anameza levodopa mara 3 kwa siku, lakini inamwishia nguvu kabla ya dozi inayofuata: akifika mlangoni miguu inaganda, kikombe cha chai kinamtetemeka mkononi. Tumejaribu kumpa nusu saa kabla ya kula. Nafuu ni ndogo.

Nimesoma kwamba mwaka 1990 mtafiti wa ubongo Mahlon DeLong na wenzake, Marekani, waliharibu kiini kidogo kilichozidisha kazi ndani ya ubongo wa tumbili wenye dalili kama za Parkinson, na viungo vya tumbili hao vikaanza kusogea vizuri zaidi. Leo kiini hicho hutulizwa kwa waya wa umeme unaowekwa ubongoni kwa upasuaji. Nimepata matumaini sana.

Je, tumwombe daktari kwanza agawanye dozi ziwe ndogo ndogo? Na waliofanyiwa upasuaji huo, miguu kuganda kuliisha?