Daktari anatibu shingo bila kuigusa, hii ni haki kweli?

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Shingo inaniuma, maumivu yanashuka begani mpaka mkononi, kidole cha kati kimekufa ganzi. Naingia kwa daktari wa mifupa nikijua atanishika. Wapi! Macho kwenye kompyuta: "Kapige MRI." Narudi na majibu, anasoma: diski (mito laini kati ya mifupa ya shingo) zimechakaa. Dawa za maumivu, kola ya shingo, mwingine aingie. Koti lenyewe sikuvua!

Hivi hajui kwamba watu wengi wasioumwa popote, hasa umri ukisogea, wakipigwa MRI wanakutwa na diski zilizochakaa vilevile? Picha peke yake haikwambii ni neva ipi inayosumbua. Mgonjwa apimwe! Ganzi ya kidole gumba kwa kawaida huelekeza neva ya C6 (neva za shingo huitwa kwa namba, C1 mpaka C8), kidole cha kati C7, kidole cha mwisho C8. Mwambie anyooshe kiwiko huku unamzuia, gonga kwa nyundo ya mpira juu ya kiwiko kwa nyuma, hapo C7 umeshaipima. Ni dakika chache tu.

Kipo na kipimo cha Spurling, kimeandikwa tangu 1944. Kichwa kinalazwa nyuma na upande unaouma, kisha kinakandamizwa taratibu. Maumivu yakishuka mkononi, kuna uwezekano mkubwa neva imebanwa. Yasiposhuka, bado hujasalimika, ndiyo maana huongezewa vingine, kama kuvuta kichwa juu kuona kama unapata nafuu. (Msijaribiane nyumbani, na aliyetoka kwenye ajali asiguswe hivyo kabla ya kujulikana kama hajavunjika.)

Kilichonichefua zaidi ni hiki: hakuna aliyeniuliza kama nayumba nikitembea au kama vifungo vya shati vinanishinda. Hakuna aliyefyatua ukucha wa kidole changu cha kati kuona kama kidole gumba kinajikunja, kile kipimo cha Hoffmann. Hizo ndizo dalili za kubanwa ugwe mgongo wenyewe, yaani shina la neva linalopita ndani ya uti wa mgongo, na ukichelewa nguvu zilizopotea huenda zisirudi. Sasa hiyo nayo mtu anairuka?

Aliyekuja kunipima ni mtaalamu wa fiziotherapia, na ndiye aliyegundua mkono wangu umepungua nguvu. Daktari hana habari mpaka leo.

Madaktari mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: kwa nini mnaruka hatua hii? Na msiniambie foleni.